Gari Linalokohoa Halitoki

Alisalimia gari kabla ya kumsalimia mwenye gari. Ungeingia uani kwake, pale mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, injini ikitetemeka, ushuke, useme "Asalam aleikum, Fundi," naye angekuinulia kidole kimoja, maana yake ngoja. Kisha angeweka kiganja juu ya boneti na kufumba macho. Alikaa hivyo muda wa kutosha kumkasirisha mtu mwenye haraka. Ndipo angejibu: "Waleikum salam. Iko na silindri moja inalala."

Mtaa ulimwita Fundi wa Kikohozi. Barabara ile ilijaa mafundi, wa breki, wa umeme, wa kunyoosha bodi, lakini gari likikohoa lilipelekwa kwake. Jina lake nalijua na silitaji. Yeye mwenyewe hakupenda litajwe. Alisema jina ni la kuandika juu ya kaburi, na yeye bado ana kazi.

Mimi ni mkunga. Nimefundisha wakunga wachanga miaka mingi na nimezoea kueleza jambo polepole, mara mbili ikibidi. Basi nivumilie nieleze injini kwanza. Si ngumu, utaona.

Gari langu, nililoachiwa na marehemu baba, lilikuwa la zamani, la silinda nne. Fikiria wanawake wanne wanaotwanga katika kinu kimoja, kila mmoja akishusha mchi kwa zamu yake. Akilegea mmoja, mdundo unachechemea na kinu kinayumba. Ndani ya kila silinda, anayewasha moto ni kijiti kidogo ambacho mafundi wetu wanakiita buji, na umeme unakifikia kwa waya wake. Buji isipowasha, mafuta hayaungui. Yanatoka mabichi hadi kwenye bomba la moshi, na bomba ni la moto. Humo yanalipuka yote kwa pamoja: paa!

Kwingine duniani watu wakisikia paa hiyo wanacheka. Bujumbura ya miaka ile ya vita, watu walilala chini.

Na kuna jambo moja zaidi. Gari lenye kikohozi halipigi paa likiwa linakimbia. Linapiga pale unapotoa mguu kwenye mafuta, unapopunguza mwendo. Sasa niambie, mji mzima ukiwa na vizuizi, ni wapi dereva anapotoa mguu? Bariyerini. Mbele ya watu wenye bunduki ambao hawajalala siku mbili na wanaogopa kuliko wewe.

Ndiyo maana fundi huyu alikuwa na sheria moja, na sikuwahi kumwona akiivunja kwa yeyote: gari linalokohoa halitoki.

Alikuja kwake mkubwa mmoja mwenye nyota mabegani. Nilikuwepo, nimeleta gari kubadilisha mafuta. Alitaka gari lake saa ile ile. Fundi alimwambia kesho. Mkubwa akachomoa bastola, akailaza juu ya boneti, polepole, kama mtu anayeweka chupa mezani.

Fundi aliitazama. "Mukubwa, toa hiyo kitu," alisema. "Itakwaruza rangi."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Mi najua gari yako. Silindri ya ine ndiyo mugonjwa. Ukitaka kufa, kufa na gari ya mutu mwingine. Hii nimeishaifungua."

Mkubwa akaangalia huku na huku, akatafuta mtu wa kumwonea haya, kisha akaketi. Mke wa fundi akamletea chai ya tangawizi bila kuulizwa. Alikaa mpaka adhuhuri na akarudi kesho yake, kwa miguu, kuchukua gari.

Vijana nao walikuja. Ule ulikuwa wakati mitaa mingi iliyotuzunguka ilikuwa inajigawa, huyu ahamie huku, yule akimbilie kule. Buyenzi ilikataa. Haikukataa kwa hotuba; ilikataa kwa watu kama yeye, waliojifanya hawaelewi swali. Walisimama watatu mlangoni na rungu, wakaonyesha gari la bluu lililokuwa juu ya mawe.

"Mzee, hii gari ni ya nani?"

"Ni ya silindri ine."

"Tunauliza mwenyewe!"

"Mwenyewe hayuko. Ameniachia kikohozi."

"Wee mzee, huyo mwenyewe ni mutu wa kabila gani?"

"Ingia uiulize moteri," alisema, akampa aliye mbele spana. "Lakini shika hapa kwanza, nakosa mukono wa tatu."

Yule kijana, Mungu amrehemu popote alipo, alishika. Alishika spana dakika nzima na rungu lake limebanwa kwapani, wenzake wakimtazama. Walipoondoka walikuwa wamesahau hasira, au wameionea aibu. Mwenye gari la bluu alikuwa amejificha jikoni, nyuma ya sufuria za mke wa fundi.

Sasa nieleze alivyofanya kazi, maana ndiko nilikojifunza mengi kuliko shuleni.

Mafundi wengine wakisikia injini inachechemea, wanabadilisha buji zote nne na kuomba Mungu. Yeye aliita hiyo "kupiga mutu bila kumuuliza." Aliacha injini ikinguruma. Alijifunga mkononi kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, umeme usimpige, akachomoa waya wa silinda ya kwanza. Injini ikazama, ikakaribia kuzimika. "Huyu alikuwa kazini," alisema, akaurudisha. Waya wa pili: ikazama tena. "Na huyu." Waya wa tatu: hakuna kilichobadilika. Injini iliendelea kuchechemea vilevile, kana kwamba hakugusa kitu. "Aha. Huyu hata ukimunyamazisha, kazi haipungui. Alikuwa amelala."

Mwanafunzi wangu yeyote angeruka hapo na kusema, basi buji ya tatu imekufa. Yeye hakuruka. Aliichomoa buji ya tatu akaiweka kwa jirani, na ya jirani akaileta kwa tatu. Kikohozi kikihama pamoja na buji, buji ndiyo yenye kosa. Kikibaki palepale, buji haina hatia. Sasa hamisha waya. "Kitu kimoja, halafu unasikiliza. Ukibadilisha mbili pamoja, umepona lakini hukujifunza, na kesho utaugua tena."

Mwalimu mmoja wa jirani, mtu mwema aliyependa maneno makubwa, alimsikia siku moja akasisimka. "Fundi! Unaona unavyotufundisha? Tusihukumu watu kabla ya kuwauliza! Sisi wote ni silinda za nchi moja!"

Fundi alimkazia macho. "Apana. Mi nasema buji. We unasema watu. Usinichanganyie vyombo."

Mwalimu aliondoka ameumia. Mimi nilicheka, lakini baadaye niliona kwamba hakuwa na mzaha. Maneno makubwa yalikuwa yamejaa redioni, na aliyaogopa kuliko petroli. Kitu alichokiamini kilibidi kiweze kushikwa.

Alikuwa na mpira mrefu aliouweka sikioni kusikiliza ndani ya injini, ncha moja huku, nyingine kule. Nikamletea zawadi honi yangu ya zamani ya mbao, ile tunayoiweka juu ya tumbo la mama kusikiliza moyo wa mtoto. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akanirudishia.

"Hii imesikia watoto. Usiilete kwa mafuta."

Na bado huyu mtu mpole kwa honi ya mbao alikuwa mkali wa kutisha. Alimtukana mteja aliyechelewa, kisha yeye mwenyewe akamchelewesha juma zima. Alikataza kubahatisha, lakini aliamini kwamba gari likisemwa vibaya linasikia na kununa. Aliswali kwa wakati, akaiacha injini wazi imefunikwa kitambaa safi kama maiti au kama mkate, sikuwahi kujua kipi. Na jambo lililowashangaza wote: hakuendesha. Kamwe. Hata kuligeuza gari uani, aliita mtu. Hata kiti cha abiria hakukikalia. Alikwenda sokoni kwa miguu, msikitini kwa miguu, na ndugu zake walipokimbilia Uvira ng'ambo ya ziwa, gari la mwisho likiwa na nafasi yake, aliwabebea mizigo hadi mlangoni, akawafungia mlango, akarudi kwenye karakana.

Nilidhani ni kiburi tu. Kisha likaja kosa la gari langu, na nikajua.

Kila asubuhi, amri ya kutotoka ilipokwisha, nilibeba wenzangu watatu wa kazi kwenda hospitali upande wa Kamenge. Siku mbaya hakuna basi lililokwenda huko. Tusipofika, waliolinda wodi tangu jana wanabaki peke yao na wanawake wanaojifungua. Njiani kulikuwa na bariyeri mbili. Masika yalipoanza, gari likaanza kukohoa, na asubuhi moja, mita chache kabla ya bariyeri ya pili, nilitoa mguu nalo likapiga paa. Nilisikia bunduki zikikokiwa. Tulitoa mikono madirishani, mikono minane, mvua ikiipiga. Walitukagua kwa macho kwa muda mrefu, wakatuachia. Mwenzangu mmoja alianza kucheka na hakuweza kuacha mpaka tulipofika wodini.

Jioni hiyo nikalipeleka kwa fundi. Kesho yake asubuhi, ua ukiwa bado umelowa mvua, alifanya yote niliyoeleza. Silinda ya tatu. Akahamisha buji: kikohozi kikabaki. Akahamisha waya: kikabaki. Kisha jua likapanda, likawaka, na ilipofika adhuhuri gari likapona lenyewe. Injini ikatwanga vizuri, michi minne, kinu kimetulia.

"Alhamdulillah," nikasema, nikanyoosha mkono. "Nipe ufunguo, Fundi."

"Gari inayokohoa haitoki."

"Haikohoi!"

"Asubuhi ilikohoa. Nani ameitibu? We?"

"Sijui."

"Mi?"

"Hapana."

"Basi ugonjwa umejificha tu, Mama mukunga. Haukupona."

Nilikaa siku ya pili bila gari. Siku ya tatu hasira ikanipanda, nikaja nikamfokea mbele ya watu, mimi ninayewakataza wanafunzi wangu wasipandishe sauti wodini. "Kuna wanawake wanazaa kule, Fundi! Unajua maana yake? Wanazaa bila mtu!"

Alifuta mikono taratibu. "Na ukifia bariyerini, we na wale watatu, watazalishwa na nani?"

Akavuta kiti, akanikalisha, akabaki amesimama. Alizungumza akiitazama injini.

Alikuwa na rafiki, dereva wa teksi, wamekua pamoja barabara moja. Mwanzoni mwa vita rafiki alileta gari lake, linakohoa. Fundi aliipata silinda iliyolala, lakini hakuipata sababu. Saa ya amri ya kutotoka ilikuwa inakaribia. Akabadilisha buji moja, injini ikatulia, na akasema neno ambalo kila fundi wa mji huu amelisema: nenda, kesho urudi tumalize.

"Njia ya Kamenge, penye mapipa mawili, alipunguza mwendo," fundi alisema. "Unasikia? Walimuambia apunguze, akapunguza. Akatoa mguu vizuri, kama mutu mwenye adabu. Gari ikapiga. Yule wa bunduki naye alikuwa mutoto, aliogopa." Akaufuta ukingo wa boneti kwa kitambaa. "Risasi ilikuwa yao. Ile paa ya kwanza ilikuwa yangu."

Nilitaka kumwambia yale tunayowaambia wafiwa. Alinizuia kwa kidole chake kile kimoja, ngoja, akachukua kikombe cha maji.

"Imekohoa lini? Asubuhi, mvua. Imepona lini? Jua. Basi tuiletee mvua."

Akawasha injini, akachovya vidole, akanyunyizia maji juu ya delko, kile kifuniko cheusi kinachozigawia umeme waya zote nne, kama mtu anyunyiziaye shati kabla ya kupiga pasi. Injini ikachechemea papo hapo.

"Mwizi ametoka!" alipiga kelele, na uso wake wote ukawa wa kijana.

Akakifungua kifuniko, akakigeuza kwenye mwanga, akanionyesha ndani. Kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi, kama mstari wa penseli. Kukiwa na unyevu, umeme wa silinda ya tatu uliufuata mstari ule ukaenda kwa jirani. Buji haikuwa na kosa wala waya. Kifuniko kipya hakikuwepo mjini. Mipaka ilikuwa imefungwa na vipuri vilikuwa hadithi.

"Mama!" aliita juu ya ukuta. "Lete ile dawa nyekundu!"

Sauti ya mkewe ikajibu: "Uliimaliza juzi kwa gari ya mwenye bucha!"

"Omba kwa jirani! Si wana arusi?"

Kumbe dawa nyekundu ni rangi ya kucha. Ikikauka haipitishi umeme wala maji. Ilikuja mkononi mwa dada wa bibi arusi, pamoja na ujumbe: Fundi abakize ya vidole vya miguu. Fundi, mzee mzima na kofia yake ya kufuma, akakwangua ule mstari mweusi kwa wembe, akainama na kibrashi kidogo, akapaka ufa wote ndani na nje, ulimi ukitokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Nilicheka mara ya kwanza baada ya siku tatu.

"Cheka, cheka," alisema. "Gari yako pia inaolewa."

Kilipokauka juani alikirudisha, akamwagia kikombe kizima cha maji. Injini haikutikisika. Akaniketisha kwenye usukani, akaenda kuchuchumaa nyuma penye bomba la moshi.

"Kanyaga! Toa mguu! Kanyaga! Toa mguu!"

Mara kumi. Bomba halikusema kitu. Ndipo akanipa ufunguo, na akasahau kuniaga.

Kifuniko kile chenye rangi nyekundu kilinipitisha bariyerini masika yote na masika yaliyofuata. Wanawake niliowafikia kwa gari lile hawakujua kamwe kwamba kulikuwa na rangi ya kucha ya bibi arusi njiani.

Mara ya mwisho nilipompelekea gari, bariyeri zilikuwa zimeondolewa. Nilikuwa nimehamia mtaa wa Mutanga Nord, na karakana ilikuwa mikononi mwa wanawe. Yeye alikaa kwenye kiti kivulini. Sikio la kulia lilikuwa limekufa, la kushoto lilikuwa njiani.

"Limeanza tena kukohoa kidogo," niliwaambia wanawe.

"Tutabadilisha buji zote, Mama, utoke haraka," alisema mkubwa.

Sijui baba yao alisikia au alisoma midomo. Aliinuka, akawasukuma kando kwa kiwiko, akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Kisha akanitupia kipande cha mpira wa baiskeli.

"Chomoa we. Mi nashika."

Nikajifunga mkononi, nikachomoa waya wa kwanza. Alisikia kwa kiganja, kupitia bati, akaitikia kwa kichwa: huyu yuko kazini. Wa pili. Kiganja kikatulia. "Huyo." Tukahamisha buji, na kikohozi kikahama nayo. Safari hii ilikuwa buji tu, na buji mpya zilijaa madukani. Mara kumi akanifokea kutoka nyuma: kanyaga, toa mguu. Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo.

Hakunipa. Alifungua mlango wa upande wa abiria, akaketi, akaurekebisha mkanda ambao hakujua unafungwa vipi. Wanawe waliacha kazi wakasimama.

"Twende," alisema.

"Wapi, Fundi?"

"Kule. Njia ya Kamenge."

"Bariyeri zilishatolewa, Mzee," nilisema kwa sauti kubwa, sikioni mwa kushoto.

"Mi nimekuuliza bariyeri?"

Nikaendesha. Alishika dashibodi kwa viganja vyote viwili na hakutazama nyumba wala watu. Tulipokaribia mahali palipokuwa na mapipa mawili na mti uliolazwa njiani, sasa pana mama anayeuza nyanya, alisema kwa sauti ndogo, "Toa mguu."

Nilitoa. Gari likapunguza mwendo taratibu, vizuri, kama mtu mwenye adabu. Tukapita kimya.

"Imekohoa?"

"Haikukohoa, Fundi."

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia vizuri."

Nilidhani atalia, au atasoma Fatiha. Alikuwa ameukaza uso kama siku ile ya bastola juu ya boneti.

"Zunguka," alisema. "Tupite tena."

Nikazunguka. Tukapita, nikatoa mguu, kimya. Nikazunguka tena. Mara ya nne mama wa nyanya akasimama, akashika kiuno.

"Nyinyi mumepoteza nini hapa?"

Fundi akashusha kioo. Hilo alilisikia.

"Hatukupoteza kitu, Mama," alimjibu. "Tunapita tu."